Ng'ombe wa Nyamoita Ambaye Hajazaliwa

Beverlyne Nyamoita hajawahi kufuga hata kuku, lakini juzijuzi nusura akamatwe kwa wizi wa ng'ombe. Mimi nilikuwepo tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kwa sababu nauza njugu karanga barazani mwa duka lake hapa Migori. Atakayekusimulia vingine, mlete kwangu.

Nianze na alivyofika. Ilikuwa mwaka ule daraja la chini lilipobebwa na maji. Mama yake alishuka kutoka upande wa Kisii na mikungu ya ndizi, mtoto nyuma amebeba kikapu kinachomshinda kimo. Walizipanga sokoni kando ya kina mama Wajaluo, na soko siku hizo halikuwa na huruma kwa mgeni. Ndizi zilikuwa nzuri, wateja wakapita tu. Siku ya tatu yule mtoto aliokota kipande cha boksi na kaa la moto lililozimika, akachora mkungu wa ndizi na ndizi moja imemenywa nusu. Akakisimamisha mbele ya mama yake. Kufikia saa sita ndizi zilikuwa zimekwisha. Nilimwambia mama yake, "Huyu mtoto wako ana mkono." Mama yake akanijibu, "Ana mkono, lakini hataki kuosha vyombo." Mpaka leo hataki.

Shule aliifanya hapa, mpaka kidato cha nne. Baadaye akaajiriwa kuchapa barua kwenye duka la kompyuta, mwenye duka alipohamia Kisumu akamwachia mashine na kodi. Alianza na fotokopi na picha za pasipoti. Halafu ikaja hii AI ya kuchora, ambayo unaiandikia maneno nayo inakutolea picha. Vijana wengi waliichezea wiki mbili wakaiacha. Nyamoita alishikana nayo kama mtu aliyepata mke mwenye maringo.

Maana ina maringo kweli. Haijui kwetu. Mwalimu mmoja wa Rusinga alitaka picha ya mwanamke anayeanika omena, ikamletea mzungu ameshika samaki mkubwa kama mtoto mchanga. Ukiiambia "mwanamke wa Kenya," inamvika shanga shingoni hadi masikioni, awe Mjaluo awe Mkisii. Kwa hiyo Nyamoita akafungua daftari la kurasa mia mbili. Humo anaandika kila neno la Kiingereza lililoizindua, na kila neno lililoipoteza. Omena lilimchukua siku nne. Mwishowe aligundua ukiiambia "visamaki vya fedha vidogo kama msumari, vimetandazwa juu ya wavu chini," inatii.

Mteja akija, hamwonyeshi kompyuta kwanza. Anamkalisha kwenye benchi na kumwambia, "Nieleze kama unamweleza mtu aliyezaliwa haoni." Hapo ndipo utacheka. Watu hawajui vitu vyao. Bonface wa bodaboda alitaka logo ya chama chao, akaulizwa taa ya mbele ya pikipiki yake ni ya duara au ya pembe. Alitoka nje kwenda kuangalia.

Na jambo lingine, hatoi picha ya mtu bila kuhesabu vidole. Mashine hiyo huongeza vidole kama mama mkwe anavyoongeza chumvi. Nimemwona akimrudishia mchungaji bango la harusi kwa sababu bwana harusi alikuwa na kidole cha sita. Mchungaji alikuwa tayari kulichukua hivyo hivyo. Nyamoita akasema, "Jina langu liko chini hapo, pasta. Likitoka na vidole sita, ni mimi nina vidole sita."

Sasa, ng'ombe.

Kuna kikundi cha akina mama kule Ndhiwa, kaunti ya Homa Bay, ambao hugandisha maziwa lala na kuyauza kwa chupa mpaka huku Migori. Mwenyekiti wao anaitwa Terry, mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kuongea polepole. Alikuja kutaka logo ya stika za chupa.

"Nataka ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe gani?"

"Si ng'ombe tu! Ng'ombe wa maziwa!"

Mashine ikatoa ng'ombe mweusi na mweupe, mnono, nyuma yake mlima wenye theluji. Terry akasema huyo ni ng'ombe wa kwenye chokoleti. Ikatoa wa pili, wa tatu, wote wazungu. Nyamoita akafungua daftari, akaanza kuipigia magoti: ng'ombe wa kienyeji, mwekundu kama udongo wa kichuguu, mwenye nundu, amekonda kidogo, nyasi fupi, hakuna mlima. Baada ya saa moja na nusu akatokea ng'ombe mmoja mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na pembe yake ya kushoto imeinama chini kuelekea jicho. Pembe hiyo hakuna aliyeiomba. Mashine ilijitolea yenyewe.

Terry akapiga makofi. "Yawa! Huyu hata namjua! Huyu anapita kwetu kila siku kwenda mtoni!"

Stika mia tano zikachapwa, zikaenda.

Wiki ya tatu, mzee Maranga, Mkurya wa Ntimaru, alishuka Migori kutafuta dawa ya mgongo. Alipata kiu, akaingia kioski, akanunua maziwa lala. Alikuwa ameshafungua chupa alipoitazama stika. Mwenye kioski aliniambia baadaye kwamba mzee hakunywa hata tone. Aliigeuza chupa huku na huku, akaipangusa kwa koti, akauliza, "Huyu ng'ombe yuko wapi?"

Miaka mitatu nyuma mzee Maranga aliibiwa ng'ombe mmoja. Si wengi, mmoja. Lakini Mkurya atakuambia ng'ombe hahesabiwi hivyo. Huyo alikuwa ametoka kwenye mahari ya binti yake wa kwanza, Robi, naye akapewa jina hilo hilo, Robi. Alikuwa mwekundu, doa jeupe kwenye paji, na pembe ya kushoto iliinama baada ya kuanguka mtaroni akiwa ndama.

Mwenye kioski, ambaye hana ubaya, alimwelekeza: stika zinatengenezwa na Nyamoita, mkabala na duka la mbegu. Mzee akaja. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Nyamoita ni Msabato, duka lilikuwa na kufuli na hata mimi nilikuwa kanisani kwangu kwa mazishi. Mzee alibisha mpaka akachoka. Hakutoka pale akiwaza Sabato. Alitoka akiwaza, "Wameshasikia nakuja, wametoroka."

Basi Jumatatu asubuhi hakuja peke yake. Alikuja na askari.

Askari mwenyewe anaitwa Otieno, kijana mstaarabu, hununua njugu kwangu. Lakini siku hiyo hakunisalimu. Nyuma yao walikuwa watu kama ishirini, maana ukitembea na askari Migori asubuhi unapata wafuasi kuliko mhubiri.

"Madam," akasema Otieno, "huyu mzee anasema una ng'ombe wake."

Nyamoita akaangalia chini ya meza, kana kwamba ng'ombe angekuwa pale. "Ng'ombe?"

Mzee akaiweka chupa mezani kwa kishindo, ile ile, bado imejaa, imeanza kuvimba. "Huyu! Ulimpigia picha wapi?"

"Tata," Nyamoita akasema kwa heshima, maana Wakisii na Wakurya wote humwita baba hivyo, "huyu sikumpiga picha. Huyu hayuko."

"Hayuko! Mmeshamchinja!"

"Hakuchinjwa, tata. Hajawahi kuwepo. Kompyuta ndiyo ilimtengeneza."

Mzee akawageukia watu. "Mmesikia? Kompyuta imezaa ng'ombe."

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Wezi wa siku hizi wamesoma." Mwingine akasema, "Ndiyo maana alifunga Jumamosi." Huyo namjua, ananunua chapati kwa jirani kila Jumamosi na anajua kabisa kwa nini duka hufungwa. Nilimwambia, "Wewe Nashon, funga mdomo kabla sijamwambia mke wako unakokula chakula cha mchana." Akarudi nyuma.

Otieno akasema kwa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko ukali, "Madam, mzee aliripoti ng'ombe wake mwaka ule, iko kwenye kitabu. Mwekundu, doa paji, pembe ya kushoto imeinama. Alama tatu. Hii picha ina zote tatu. Kama huwezi kunionyesha ilikotoka, itabidi nibebe hii laptopu kama ushahidi, na wewe uje uandikishe."

Laptopu hiyo ndiyo duka. Humo mlikuwa na kazi za watu, programu za mazishi mawili, bango la shule, na kila picha aliyotengeneza tangu aanze. Kitu kikiingia chumba cha ushahidi, hutoka kama mifupa hutoka tumboni mwa fisi. Na jina je? Mji huu ukikuita mwizi wa ng'ombe Jumatatu, Ijumaa hata anayekuja kupiga fotokopi ya kitambulisho atavuka barabara.

"Afande," akasema, "nipe dakika kumi. Nitawaonyesha inavyofanya. Semeni kitu chochote, kitu ambacho hakipo duniani."

Mtu akasema, "Kiboko amevaa suti!"

Akaandika. Tukasubiri. Akatokea kiboko wa heshima zake, suti ya kijivu, tai nyekundu, amesimama katikati ya barabara na mkoba mkononi. Watu walipiga kelele. Mmoja akasema anafanana na mkwewe. Otieno mwenyewe alicheka mpaka kofia ikasogea. Nikasema moyoni, imekwisha, mtoto wangu amepona.

Mzee Maranga hakucheka. Alingoja watulie.

"Kiboko mwenye suti," akasema, "hata mjinga anajua ni uongo. Ng'ombe wangu amevaa suti?"

Akamgeukia Otieno.

"Amevaa suti?"

"Hapana, mzee," akasema Otieno.

"Basi. Mtu akikuambia uongo wa kiboko, utaacha kumuuliza ukweli wa ng'ombe? Hata kivuli kina mwenyewe. Picha itakosaje mwenyewe?"

Nitasema ukweli, hoja hiyo ilinigusa hata mimi. Nilifanya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa sitini na nane na nikapita, lakini swali hilo halikuwemo. Otieno akafunga tabasamu lake na kuanza kukunja waya wa laptopu.

Nyamoita akashika kona ya mashine. "Ngoja, afande. Kwenye stika ng'ombe ni mdogo kama ukucha. Humu ndani ninaye mkubwa, jinsi alivyotoka. Wacha tata amwone vizuri. Akishamwona mkubwa, ataona si wake."

Mimi nilidhani anajichimbia kaburi. Na kweli, alipomfungua yule ng'ombe akajaa kioo kizima, mzee aliweka mkono mdomoni. "Ni yeye," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, haikuwa ya ugomvi tena. "Robi. Angalia jicho. Alikuwa anatazama hivyo hivyo ukichelewa kumfungulia."

Otieno akaangalia kando. Nyamoita akawa na machozi, sijui ni ya mzee au ni yake.

Kisha mzee akajikaza. Mtu wa ng'ombe ni mtu wa ng'ombe, hata akiwa na huzuni. "Nionyeshe kiwele," akasema. "Robi chuchu yake moja ya nyuma ilikuwa fupi, haikutoa maziwa. Nikiiona hiyo, hata jaji hatanibishia."

Nyamoita akashusha picha, akaikuza. Mzee akatoa miwani, akaipangusa, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaweka kidole. Nikaona midomo yake inahesabu. Akaanza tena. Akavua miwani, akaivaa.

"Wewe askari," akasema, "njoo uhesabu."

Otieno akahesabu kwa ncha ya kalamu. "Moja, mbili, tatu, nne..." Akasita. "Tano. Na hii hapa kwenye paja... mzee, hii ni nini?"

"Ni chuchu," akasema mzee.

"Basi ni sita."

"Chuchu sita!" Mzee akanyooka kama mtu ambaye hajawahi kuumwa mgongo. Akamgeukia Nyamoita na kumtazama kwa hasira mpya kabisa, hasira ambayo haikuwa ya kuibiwa. "Binti! Nani alikufundisha ng'ombe? Moja iko kwenye paja! Huyu nani amkamue, buibui?"

Hapo ndipo soko lilipasuka. Kicheko hicho kilikuwa kizuri. Watu walishikana mabega. Nashon alikaa chini kabisa. Nyamoita alikuwa amefunika uso kwa daftari, na nilijua si kwa sababu ya kupona. Ni aibu ya fundi. Yeye ambaye huhesabu vidole vya bwana harusi, hakukumbuka kuhesabu chuchu. Kwao walikuwa na migomba.

"Tata, nisamehe," akasema. "Sikuangalia. Stika ni ndogo."

"Hukuangalia!" Mzee akatikisa kichwa. "Mwizi wa ng'ombe angeangalia. Hicho ndicho kitu cha kwanza anachoangalia. Askari, huyu si mwizi. Huyu hajui hata ng'ombe ana nini chini. Mwache."

Otieno akatoa daftari lake aandike. Aliandika, akafuta, akaandika. Nikamuuliza, "Afande, unaandikaje?" Akanisomea kwa sauti ya kazi: "Mlalamishi ameridhika kwamba ng'ombe wa pichani si wake, kwa kuwa ana chuchu sita na hajazaliwa." Akaniuliza kama Kiswahili kiko sawa. Nikamwambia kiko sawa kabisa, aweke tu nukta mwishoni. Mzee akaweka kidole gumba cha wino hapo, na watu wakaanza kwenda zao, ishirini wale wale, kila mmoja sasa akisema alijua tangu mwanzo.

Nyamoita akampigia Terry simu ili amwambie stika zina kosa na atazichapa upya. Sauti ya Terry ilisikika mpaka kwenye njugu zangu. "Chuchu sita? Usiguse! Wateja wataona ng'ombe wetu wana maziwa mengi!"

Lakini mzee Maranga hakuondoka. Aliketi kwenye benchi, kofia magotini. Akasema, "Hiyo mashine yako. Inaweza kumtengeneza Robi? Robi mwenyewe, si huyo wa buibui."

Nyamoita akafungua ukurasa mpya. "Nieleze, tata. Kama unamweleza mtu aliyezaliwa haoni."

Jamani, nimeuza njugu pale miaka mingi na sijaona mteja kama huyo. Huyu hakwenda nje kuangalia taa. Alieleza unene wa shingo, mkunjo wa ngozi chini ya koo, jinsi nywele za nundu zilivyolala kushoto, rangi ya kwato, alama ya kukatwa sikio la kulia na nani aliikata. Doa la paji, akasema, halikuwa duara, lilikuwa kama jani la mkunde lililoanza kukauka. Nyamoita aliandika mpaka mkono ukamuuma. Picha ya kwanza mzee akasema, "Huyu ni shangazi yake." Ya nne akasema, "Huyu mvivu." Ya saba alikaribia, kisha akasema ana macho ya ng'ombe wa Tanzania. Nilimletea chai, akainywa bila kuondoa macho kwenye kioo.

Ya kumi na moja hakukosoa uso wala nundu. Akasema polepole, "Chuchu."

Mashine ilikataa. Kila ikiambiwa chuchu moja fupi, ilitoa zote fupi au ilitoa tano. Mwishowe Nyamoita aliiacha, akaifanya mwenyewe kwa mkono wake, nukta kwa nukta, mzee akielekeza, "Fupi zaidi. Hapo. Hapana, umempendelea. Hapo."

Nyamoita alichapisha nakala mbili. Moja ya Robi binti, aliyeolewa Isebania. Nyingine mzee alimpelekea Otieno iwekwe kwenye faili, kwa sababu, akasema, miaka mitatu askari walikuwa wanatafuta alama tatu, sasa watafute ng'ombe.

Terry alipokuja wiki hiyo kuchukua stika zaidi, akaiona picha ya Robi kwenye kompyuta, akasahau ng'ombe wake mwenye chuchu sita. "Huyu! Huyu ndiye nataka kwenye chupa! Ni wa nani?"

Nyamoita akampigia mzee. Nilisikia jibu mwenyewe, maana mzee huyo akishika simu huongea kana kwamba Migori iko ng'ambo ya ziwa.

"Robi hauzi maziwa ya watu asiowajua," akasema. "Aliingia kwangu kwa mahari. Wakimtaka, waje Ntimaru waketi chini, waniombe kama watu wanavyoomba. Na wasije mikono mitupu. Na waje na yule binti, yeye ndiye atakayesema kwa niaba yao. Yeye tunaelewana."

Terry alidhani ni mzaha. Nikamwambia, mama, huo si mzaha, tafuta blanketi na sukari. Akina mama wa Ndhiwa wamekutana mara mbili kupanga nani ataongea na nani atanyamaza, na wa kunyamaza bado hajapatikana. Nyamoita amejifunza salamu za Kikurya na anazirudia akipiga fotokopi. Tunaenda Jumapili. Mimi nimewekwa mkubwa wa msafara, na hilo sikuliomba, walinipa.